Picha Iliyokuwa Ndani ya Flashi

Pale kijijini Mkiwa, sisi watoto tuliamini kwamba flashi ya kamera humeza sura ya mtu na kuiatamia kama yai, mpaka picha ianguliwe. Mimi niliamini kuliko kijiji kizima! Juzi, nilipoona flashi kuukuu dukani mjini, ilinijia tena harufu ya dawa ya kuchua, na sauti ya mama akiwa mgonjwa kitandani, akimwambia mpiga picha: "Kaka, unitoe vizuri, mwanangu asije akanisahau sura." Mwanga ulipasuka mpaka kuku wakadhani kumekucha. Mama alicheka.

Baada ya mazishi niliisubiri picha ile miaka na miaka. Jioni hiyo ya juzi nikamuuliza shangazi iliishia wapi.

"Filamu ilikuwa imekwisha, baba," alisema. "Alimulika tu ili mama yako afurahi."