Nilipeleka mafua ya ndege ukweni Ruhembe, na mimi ndiye niliyekuwa nayafuatilia

Wakuu, poleni na majukumu.

Huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo nauacha ulivyo. Yaliyomo yametokea kweli, na mwenye makosa ni mimi, kwa hiyo msihangaike kumtafuta mwingine kwenye comments.

Naishi Mikumi. Nina pikipiki, na tangu utotoni najua kumshika kuku bila kumuumiza bawa. Sifa hizo mbili zilinipatia kibarua kwenye timu inayofuatilia mafua ya ndege wilayani Kilosa. Bosi wangu ni daktari wa mifugo, dada mmoja mpole kutoka Morogoro mjini, asiyependa maneno mengi.

Kazi yenyewe iko hivi. Mimi namshika ndege, Daktari anapitisha kijiti cha pamba kooni, halafu kingine kule nyuma. Vijiti vinaingia kwenye vichupa, vichupa kwenye boksi la barafu, boksi kwenye pikipiki yangu.

Kuku hafurahii. Mwenye kuku naye anakutazama kama umemdhalilisha mtu wa nyumbani kwake.

Tukimaliza, mimi ndiye natoa somo: kuku mgeni akifika, mtenge wiki mbili kabla hujamchanganya na wenzake. Nimelitoa Malolo, nimelitoa hadi Berega. Nilikuwa nalitoa vizuri, wazee walikuwa wananiitikia kwa kichwa.

Sasa twende kwa mama mkwe.

Mama mkwe wangu anaishi Ruhembe, karibu na mashamba ya miwa. Alinikubali kwa shingo upande. Nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, kisha kimya. Unabaki umesimama na kofia yako ya pikipiki mkononi, hujui ukae au urudi ulikotoka.

Siku moja tulipima kuku kwenye gulio huku Mikumi. Tulipomaliza nikaona jogoo mmoja mwekundu, mrefu, na mitetea miwili ya rangi hiyohiyo. Nikasema hawa wanaenda Ruhembe.

Daktari alishatuambia tusinunue ndege mahali tulipochukua sampuli mpaka majibu yatoke. Nilimsikia vizuri kabisa. Ndiyo maana nilisubiri aondoke kwanza.

Niliwakagua mwenyewe. Macho safi, pua kavu. Nilikuwa na uzoefu wa miezi minne, nikajiona bingwa.

Jumamosi asubuhi nikawafunga miguu, nikawaning'iniza kwenye pikipiki, nikaenda. Mama mkwe akampokea yule jogoo, akampima uzito kwa mkono, akatabasamu. Wakuu, tangu nioe nilikuwa sijawahi kuyaona meno ya yule mama.

Akawafungua kamba palepale, akawaachia katikati ya kuku wake.

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Msidhani nilisahau, somo lilikuwa kichwani lote. Niliona aibu. Ukimwambia mama mkwe awatenge kuku uliomletea, umemwambia umemletea kitu ambacho hata wewe mwenyewe hukiamini. Siku hiyo nilikaribishwa kiti, nikaletewa chai na mihogo. Nikanywa chai.

Baada ya siku nane akanipigia simu. Kuku wanakohoa, macho yamevimba, mayai hakuna, wanne wameshakufa. "Baba Zulfa, njoo na yule daktari wako."

Tulikwenda. Tukapima kuku wake, tukapima na bata wa jirani yake, Baba Kulwa.

Baba Kulwa ni mtu mzima aliyehamia hapo na familia yake kutoka Kanda ya Ziwa. Analima mpunga, ana ng'ombe wachache, na alikuwa na bata kumi na mmoja waliokuwa wakiogelea kwenye mfereji nyuma ya nyumba hizo mbili. Mapacha wake wamezaliwa hapohapo Ruhembe, lakini watu bado wanamwita mgeni. Tulipofika, majirani walikuwa wameshaamua kwamba ugonjwa umeletwa na bata wake.

Kwenye fomu yetu kuna swali la ndege wapya walioingia bandani ndani ya mwezi mmoja. Nilimsomea mama mkwe kama ninavyowasomea wengine.

Akanitazama. Akasema, "Andika hakuna."

Nikaandika hakuna, kwa mwandiko wangu huu huu.

Majibu yalichukua muda. Huku nyuma maneno yakawa yanakua. Mke wangu akaniambia kwao kumeitishwa kikao cha kitongoji, na ajenda ni moja tu: Baba Kulwa ahame na mifugo yake. Nilimwambia pole yao, nikaenda kuosha pikipiki. Niliiosha sana siku hiyo.

Siku ya kikao, asubuhi, Daktari akaja na karatasi za maabara. Twende Ruhembe tukawape majibu, akasema.

Tulikaa uani kwa mama mkwe: yeye, mwenyekiti wa kitongoji, Daktari na mimi. Daktari akaeleza kwamba kirusi kimeonekana. Akawatoa hofu: si ile aina kali inayotisha, ila watu wanawe mikono na wasile mizoga.

Mwenyekiti akauliza kimetoka kwa bata wa nani.

Daktari akasema, "Mnakumbuka shuleni mtu akinakili hesabu za mwenzake? Anazinakili pamoja na makosa, halafu anaongeza kosa lake. Mwalimu akikusanya madaftari anajua nani alimnakili nani." Kirusi nacho kikizaliana kinakosea kidogo kidogo, na maabara inayasoma yale makosa.

Kirusi cha hapa Ruhembe kilikuwa na makosa yote ya kile kilichokutwa kwenye sampuli zetu za gulio la Mikumi, pamoja na moja la kwake. Bata wa Baba Kulwa hawakukutwa na kirusi chochote.

"Kwa hiyo kuna ndege alitoka Mikumi akaja hapa," akasema. "Ila fomu inasema hakuna. Nisichojua ni nani aliyemleta."

Alikuwa anamuuliza mwenyekiti. Hakuniangalia hata kidogo. Nilikuwa nimelikumbatia lile boksi la barafu. Nilijua nikinyamaza, jioni ile kuna mtu atafungasha vyombo vyake kwa ajili ya jogoo wangu.

Nikasema, "Ni mimi, Daktari. Nilinunua watatu gulioni, nikawaleta hapa."

Daktari akafunga faili lake taratibu. Mwenyekiti akakohoa. Mama mkwe ndiye aliyesema.

"Kwa nini hukuniambia niwatenge?"

"Niliona aibu, mama."

Akasema, "Mimi hilo nililisikia redioni. Nililijua. Ningewatenga, wewe ungenionaje?"

Akajifunga kanga yake vizuri, akasimama, akasema twendeni wote kwa jirani.

Tulimkuta Baba Kulwa ananoa jembe. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamweleza yote, kuanzia gulioni hadi kwenye fomu. Hakunikatiza.

Nilipomaliza alimuuliza Daktari swali moja. "Bata wangu walikuwa wazima?"

"Walikuwa wazima, mzee."

"Juzi nimewachinja wote kumi na mmoja," akasema. "Nilitaka niwahi kabla ya kikao, labda watu wangetulia. Nikawafukia kule. Hata kula hatukula, kwa kuwa majirani mlisema wanaumwa."

Mama mkwe wangu, ambaye sijawahi kumwona akimwomba radhi mtu yeyote, alimwambia, "Baba Kulwa, nimekukosea." Akalia pale pale mbele yetu. Mimi nilitamani nitoweke.

Baba Kulwa aliomba karatasi ya majibu. Akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati, akasema ataenda nayo kikaoni.

Na mimi nilienda. Nilisimama nikasema mbele ya watu wote kama nilivyosema uani. Wengine walicheka, wengine walinitukana, na ajenda ya kuhama ikafa. Kazini nimesimamishwa kushika ndege. Sasa nabeba boksi tu.

Funzo, wakuu. Kirusi kilisafiri kwa pikipiki yangu kikiwa kimefungwa kamba miguuni, na watu wazima wawili wanaolijua somo wakakipokezana kwa adabu zote. Mkipelekewa kuku na mkwe, au mkimpelekea, semeni hilo neno moja: watenge. Chai itanyweka tu.

Halafu nina shida. Natafuta bata wa kienyeji kumi na mmoja, waliopimwa. Baba Kulwa hajaniomba, na nilipomgusia alisema niachane nayo. Lakini kila nikipita pale, ule mfereji hauna kitu.

Mwenye nao, au anayemjua mwenye nao, aandike hapo chini. Matusi pia napokea, ila tangulizeni bata.