Kaa Hapo Katikati

Harufu ya korosho zinazochomwa hunitia hasira. Najua kuna watu wanaipenda. Wakiisikia tu wanameza mate na kuuliza nani ana chumvi. Mimi ikinifikia, hata nikiwa sokoni Nachingwea na mzigo wangu kichwani, magoti yanaanza kuniuma, maana kwangu hiyo ni harufu ya kukaa. Nilikaa utoto wangu wote. Nilikaa uani kwetu Naipingo, miguu nimeinyoosha juu ya mkeka, moshi wa maganda ukiniwasha macho, nikibangua korosho moja baada ya nyingine huku nimejipaka majivu vidoleni ili mafuta yake yasiniunguze. Wageni wakipita walinitazama mimi, wakamtazama mama, wakasema, "Mtoto wako katulia." Na mama, ambaye hakuwa mtu wa kuchekacheka ovyo, alitabasamu kama aliyepewa kanga mpya.

Katulia. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu. Wenzangu walisifiwa sauti, walisifiwa mwandiko, walisifiwa meno. Mimi nilisifiwa kwa kutofanya kitu. Nikiinuka kumfukuza kuku naambiwa rudi ukae. Nikiwasikia wenzangu wanaruka kamba nyuma ya nyumba ya jirani na mguu wangu ukaanza kugonga mkeka wenyewe, naambiwa mtoto wa kike harukiruki. Basi nikajifunza. Mtoto ni mwepesi kufundishika, jamani, na mimi nilifundishika vizuri mno. Nilipofika darasa la nne nilikuwa naweza kukaa tangu chai ya asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri bila kubadili mguu, na hakuna aliyeona kwamba hilo ni jambo la kusikitisha.

Lakini asubuhi, shuleni, watu walewale walitaka nikimbie. Ninyi mliosoma shule zetu mnaujua mchakamchaka: kungali na ubaridi, jua bado halijapanda, mnapangwa mistari miwili na kukimbizwa barabara ya vumbi huku mkiimba kama askari. Wenzangu waliufurahia. Mimi kifua kilinibana kabla hatujafika kisimani, mapaja yakawa mazito, na nyuma yetu alikuja mwalimu wa michezo na fimbo yake ya mpera akiwachapa miguuni wanaobaki. Aliyebaki kila siku alikuwa mimi. Aliniita Goigoi. Mstari ukirudi shuleni, wenzangu waliingia darasani na mimi nikabaki kuruka kichurachura kuizunguka bendera, mikono masikioni, mpaka jasho linanidondoka puani. Nilidhani kwa miaka mingi kwamba mwili hutumiwa kwa kazi mbili tu: kuukalisha au kuuadhibu. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia kwamba kuna ya tatu.

Nikirudi nyumbani na miguu imevimba, mama alinikanda kwa maji ya moto na kuniambia nipumzike. Nipumzike wapi? Mkekani.

Mwaka mmoja, likizo ya Juni ilipoanza, mjomba Issa alikuja kututembelea kutoka Mandawa, upande wa Ruangwa. Huyu ni mdogo wake mama, tumbo moja, mfupi, mwenye makelele, ambaye hata akisalimia unadhani anagomba. Alinikuta nimekaa. Aliona alama za fimbo kwenye mashavu ya miguu yangu, akaniuliza zimetoka wapi, nikamweleza. Akasikiliza, akamgeukia mama.

"Dada, huyu mtoto anapigwa kwa sababu hawezi kukimbia. Na hawezi kukimbia kwa sababu umemketisha kama mtungi. Likizo hii naondoka naye."

Mama alikataa, lakini kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na kesho yake nikapakiwa kwenye bodaboda katikati ya mjomba na furushi langu la nguo.

Mandawa niliikuta ufuta umeshavunwa, matita yake yamesimamishwa uani yakikauka, na ukipita karibu unasikia mbegu zikichururika ndani ya vitumba. Nilitafuta kivuli na mkeka, nikakaa. Mjomba alinitazama siku ya kwanza, akanitazama siku ya pili, uso ameukunja. Mwishowe akasema, "Pale ng'ambo ya korongo wamehamia Wasukuma. Wana watoto wengi. Nenda kacheze nao."

Sasa naomba msinicheke. Sikuwa nimewahi kumwona Msukuma. Kwetu Naipingo walikuwa bado hawajafika na ng'ombe wao, na jina lile nililielewa kwa Kiswahili nilichokijua mimi: wasukuma, yaani watu wanaosukuma. Niliona wazi kabisa kwamba mjomba amechoka na mimi na ameamua kunipeleka kwa watu ambao kazi yao ni kumsukuma mtu mpaka akimbie. Nikasema tumbo linaniuma. Tumbo liliniuma karibu wiki nzima, na kila nikiona vumbi la ng'ombe ng'ambo ya korongo niliingia ndani.

Wasukuma wakanifuata wenyewe. Alikuja msichana mrefu wa rika langu, amebeba dumu dogo la maziwa aliyotumwa kuyaleta kwa mke wa mjomba. Jina lake Kabula. Alikuwa na malapa yaliyoshonwa kwa waya, na alinitazama bila haya yoyote.

"Unajua rede?" aliniuliza.

"Sijui."

"Tumepungukiwa mtu. Njoo."

"Mimi siwezi kukimbia," nikamwambia haraka, ili asinisukume.

Kabula akashangaa. "Nani kasema ukimbie? Unakuja kukaa. Kaa pale katikati, ujaze mchanga kwenye chupa."

Hapo nikainuka. Kukaa nilikuwa nakuweza.

Kwa mliokulia mijini kwenye saruji, rede huchezwa hivi: wawili wanasimama pande mbili na mpira wa soksi kuukuu iliyojazwa matambara, na mmoja anakuwa katikati na chupa tupu. Wa pembeni wanamrushia mpira wampige. Yeye anaukwepa, na hapohapo anajaza mchanga kwenye chupa. Akipigwa, ametolewa. Chupa ikijaa akaimwaga bila kupigwa, ameshinda. Nilichuchumaa nikaanza kuteka mchanga, na mpira wa kwanza ukanipata shavuni. Nikatolewa. Nikangoja kuitwa Goigoi. Hakuna aliyeniita kitu. Kabula alichukua zamu yake, akatolewa, akanirudishia chupa.

"Usihangaike," akaniambia. "Wewe tulia. Angalia mkono wa anayerusha. Mkono ukiachia, ndiyo unaondoka."

Neno lilelile! Tulia. Lakini alivyolisema yeye lilikuwa na kitu mbele yake. Baada ya kutulia, unaondoka. Na mimi, ambaye nimekaa miaka mingi nikitazama mikono ya watu wakibangua na kupepeta na kutwanga, nilijua kutazama mkono kuliko mtoto yeyote pale. Niliuona mpira kabla haujatoka. Niliinama, ukapita juu ya kisogo. Nilipindisha kiuno, ukapita ubavuni. Niliruka. Wasomaji wangu, niliruka kwa hiari yangu, hewani, na sikuadhibiwa! Niliposhuka nilikuwa nacheka kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia ikitoka kwangu, na Kabula anapiga kelele upande ule, "Hapigiki huyu! Hapigiki!"

Toka siku hiyo mkeka wa mke wa mjomba sikuukalia tena. Nilivuka korongo asubuhi, nikarudi kula, nikavuka tena. Tukimaliza rede tuliwafuata ndama, na kuwafuata ndama si mchezo, kunakutoa jasho hasa, lakini kifua hakikunibana. Nilikimbia bila kujua kwamba ninakimbia. Mjomba aliniona nikirudi vumbi mpaka kwenye kope, na badala ya kunipongeza akanikemea kwa nini nimechelewa wali. Ila usiku ule aliniongezea mchuzi mwenyewe, na nikajua amefurahi.

Kisha mama akaja.

Kuna mtu alikuwa amempelekea maneno Naipingo kwamba binti yake anakimbizana na watoto wa wafugaji, sketi imekunjwa kiunoni. Wakulima wengi wakati ule walikuwa na ugomvi na wafugaji kwa ajili ya ng'ombe kuingia mashambani, na mimi nilikuwa nakaribia umri wa kuchezwa unyago. Mama hakungoja likizo iishe. Alishuka kwenye bodaboda, kanga imekuwa nyekundu kwa vumbi, akaelekezwa ng'ambo ya korongo, akatukuta mchezoni. Mimi ndiye nilikuwa katikati, chupa imebaki kidogo ijae.

Mpira ulibingirika mpaka miguuni pake. Aliuokota. Nilifikiri atautupa porini. Badala yake alinitazama kwa ghadhabu ambayo naikumbuka mpaka leo, akarudisha mkono nyuma na kunirushia kwa nguvu zake zote.

Nilikwepa. Sikukusudia, mkono wake uliachia, mimi nikaondoka. Kabula upande wa pili akaudaka, na kwa kuwa ni mtoto na mchezo ulikuwa mchezo, akamrudishia. Mama akaudaka kwa mkono mmoja. Akarusha tena, chini zaidi, usawa wa magoti, pale pagumu. Nikaruka. Akarushiwa, akarusha. Watoto wakaanza kushangilia, na mimi nikacheka, nikimtazama mama yangu na kudhani kwamba sasa tunacheza. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilimwita, "Mama, rusha!"

Mkono wake ukasimama hewani. Aliutazama mpira kana kwamba hajui umefikaje pale. Akauacha udondoke.

"Vaa malapa yako. Tunaondoka."

Uani kwa mjomba waligombana mbele yangu. Mama alisema, "Nilikupa mtoto katulia, Issa. Unanirudishia nini?"

"Nakurudishia mtoto, dada. Ulinipa mkeka."

Niliposikia vile nilijua nimepona. Mjomba ndiye mwenye neno. Aliweza kusema sitaki, mtoto anabaki, na mama angemeza mate akarudi peke yake. Nilimkazia macho. Lakini mama alianza kulia, kulia kwa kweli, na yule mjomba mwenye makelele akanywea. Akaenda kunitafutia furushi. Sijamsamehe hilo, na nimemwambia.

Shule ilipofunguliwa, mchakamchaka ulikuwa palepale, na fimbo palepale. Asubuhi ya kwanza mwalimu aliponyanyua fimbo nyuma yangu, niligeuka nikautazama mkono wake, na ulipoachia nikapindisha kiuno. Fimbo ikapiga hewa, yeye akayumba nusura aanguke, na shule nzima ikacheka. Mnaweza kukisia yaliyofuata. Niliruka kichurachura mpaka kengele ya mapumziko, na nyumbani rede ilipigwa marufuku kabisa. Mwaka uliofuata nikapata habari kwamba kina Kabula wamehama na ng'ombe wao. Nikarudi mkekani. Watu wakapita, wakasema nimetulia, na mimi nikawachukia mmoja mmoja.

Nilimchukia zaidi mama, ingawa ni neno zito na halisemwi. Hasira yangu niliitafutia sababu ya kuipunguza, na sababu niliyoipata ni kwamba hakujua. Amelelewa kukaa, nilijiambia, atajuaje utamu wa kuruka? Sababu hiyo ilinisaidia kumpikia, kumuuguza, kumkaribisha kwangu.

Idi iliyopita alikuja kunitembelea nyumbani kwangu Nachingwea. Binti yangu alikuwa anacheza rede na watoto wa jirani mbele ya nyumba, na mama alikuwa amekaa kizingitini, mimi ndani nakuna nazi. Nikamsikia ananong'ona, amemkasirikia mtoto aliyekuwa anarusha. "Chini. Rusha chini, magotini. Juu anakuona." Nikaacha kukuna. Nikaikumbuka Mandawa, ule mkono uliodaka bila kuyumba, ile mipira ya magotini, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni nikaelewa nilichokuwa nimekitazama.

Nikatoka nikamuuliza. "Mama, na wewe ulicheza?"

Hakugeuka. "Kijiji chetu kizima cha Chinongwe hakuna aliyeweza kunipiga," akasema. "Nilikuwa na umri kama wako ule. Bibi yako akaja akanitoa katikati ya mchezo, nikawekwa ndani, nikachezwa unyago, na nilipotoka sikuruhusiwa hata kushika mpira. Nililia mpaka nikaugua. Ndiyo maana nikasema mwanangu nitamtoa mapema, kabla hajazoea."

Kwa hiyo alijua. Alijua utamu wake na alijua uchungu wake, na akahesabu kwamba amenihurumia. Nilisimama pale mikono imejaa machicha ya nazi, nikiwa na hasira ambayo sasa haina pa kujificha, kwa ajili yangu, na kwa ajili ya yule msichana wa Chinongwe aliyelia mpaka akaugua na kisha hakujua la kufanya na machozi yake ila kunipa mimi.

"Mama," nikamwambia, "nilikuwa nimeshazoea."

Alimtazama mjukuu wake akiruka.

"Nilikuona," akasema.