Plaiwudi Iliyochemshwa Jikoni

Juzi, dukani Kasese, nilimwona fundi akinusa kipande cha plaiwudi, nikakumbuka mchana mmoja kwetu Katunguru. Afande mmoja alikuwa amemletea baba, aliyekuwa fundi wa boti, plaiwudi za kutandika sitaha ya boti yake. Kabla ya kuzipigilia, baba alikata kipande akakichemsha katika sufuria ya mama, aone kama kitastahimili maji, nyumba nzima ikanuka gundi. Mimi nilidhani ndicho chakula cha mgeni.

Afande aliingia bila hodi.

"Wewe! Iko nini kwa sufuria?"

Baba alikiopoa kwa mwiko. Tabaka zilikuwa zimeachana, zinaning'inia.

"Afande, hii haiwezi maji. Utakanyaga, itapasuka."

Mama alinivuta nyuma yake. Siku zile za utawala wa wanajeshi hakuna aliyethubutu kumwambia askari kwamba kitu chake ni kibovu, lakini hilo nilikuja kulielewa ukubwani. Afande alizibandua tabaka moja moja.

"Basi tafuta ingine," alisema, akatoka.

"Mama, amekataa kula?" niliuliza.

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Baba hakucheka. Alikwenda kuufunga mlango kwa komeo, ndipo akauweka mwiko chini.