Kuondoshwa kwa Barua

Delphia Ratliff alikuwa na swali moja maishani, na alilikalia tangu utotoni kama kuku aliyelalia yai bovu. Alipofika umri wa miaka themanini na tisa, daktari akamwambia kwamba moyo wake umechoka na dawa zimefika mwisho wa kazi. Waliporudi nyumbani, kabla hata hajavua koti, alimgeukia bintiye Wilda.

"Nenda kwa Harlis Conley. Kaone kwenye vitabu vya kanisa, mama yangu aliwakosea nini hata wakamfukuza."

"Mama, hayo ni mambo ya wakati wa vita."

"Kwani nimesema ni ya jana?"

Wilda akamvua koti, akalitundika. Hakubisha, kwa sababu kubisha kunataka nguvu. Tangu alipomzika mumewe Denzil mwezi wa pili, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Alihamia kwa mamake, akawa anachemsha maharage, anaoka mkate wa mahindi, anahesabu vidonge, anafua. Watu wa bonde letu la Pine Lick walimsifu kwamba ana moyo wa subira. Subira gani! Mtu ambaye hasikii kitu hana cha kuvumilia.

Habari ya bibi yake, Orlena, aliijua kama kila mtoto wa bonde hili anavyoijua. Orlena alikuwa mjane, mumewe aliangukiwa na jiwe mgodini. Siku moja ya vuli alimwacha Delphia kwa mama mdogo Vesta, Delphia akiwa na miaka tisa, akapanda basi la kwenda Ohio kwenye viwanda vya vita, na hakuonekana tena. Barua mbili za Krismasi, kisha kimya. Wengi walikwenda Ohio wakati ule, na wengi walirudi Jumapili na magari mapya kujionyesha. Yeye hakurudi. Na sababu, kwa maneno ya Delphia, ni kwamba kanisa lilimfukuza. Yeye mwenyewe alisikia kwa masikio yake. Jumamosi ya mkutano wa washiriki, watoto wakiwa nje, alichungulia dirishani, akamsikia karani akisoma: "Dada Orlena Sizemore, ameondoshwa kwa barua." Mikono yote ikanyooshwa juu. Wiki ile ile mjomba wake naye alikuwa ameondoshwa kwa barua, kule mgodini, akaja nyumbani na kikaratasi, akapiga ukuta ngumi. Kwa hiyo mtoto alijua maana yake.

Shuleni wakamwita mtoto wa aliyefukuzwa. Ungedhani angelikimbia kanisa lile kama ukoma. Wapi! Alipokua alibatizwa kwenye kijito cha kanisa lile lile, akaketi benchi la pili miaka yote, kati ya wajukuu wa wale walionyoosha mikono. Wilda alimuuliza mara moja sababu. Delphia alimjibu kwamba kwa kanuni za kwetu, aliyetengwa hupokewa tena na kanisa lile lile lililomtenga, wala si jingine. "Akitaka kutubu ataingia kwa mlango ule," alisema. "Na mimi nitakuwepo."

Harlis Conley ndiye karani wa kanisa sasa, na vitabu vya kumbukumbu amevihifadhi barazani kwake, ndani ya friza kubwa bovu la kufunguliwa juu, kwa sababu panya hawawezi kutoboa chuma. Wilda alipofika, mbwa alimrukia.

"Usimwogope huyo," Harlis akaita kutoka kitini. "Ni kelele tu, kama mhubiri kijana. Habari ya mama?"

"Yupo. Amenituma nitazame vitabu, vya mwaka aliofukuzwa bibi Orlena."

"Wewe umebatizwa?"

"Unajua sijabatizwa."

"Basi vitabu vya ushirika huvishiki. Ndiyo kanuni." Harlis akajikuna kidevu. "Lakini mgongo wangu umeharibika. Wewe inama uvitoe, mimi nitakushikia kanuni."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Wilda aliinama hasa, nusu ya mwili ndani ya friza, miguu ikikaribia kuacha sakafu, huku mzee akimwelekeza: si hicho, cha chini yake, hicho chenye jalada la nguo. Walikiweka mezani. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa wino uliogeuka rangi ya chai, na Harlis, ambaye anavipenda vitabu vile kuliko wajukuu zake, hakukubali aruke kurasa.

"Sikiliza huyu. 'Ndugu Elzie Tackett, ametengwa, kwa kulewa na kumrushia mkwewe kiatu.' Mwezi unaofuata, 'Ndugu Elzie amekiri na amerudishwa.' Haya, geuza. 'Ndugu Elzie, ametengwa.'"

"Kiatu tena?"

"Safari hii ni kupiga kinanda, na kwetu ni mwiko. Huyo Elzie peke yake alimaliza wino wa kanisa." Alicheka mpaka akakohoa. "Na huyu, 'Dada Vadie Slone, ametengwa, amekata nywele.' Nywele tu, maskini. Siku hizi mchungaji mwenyewe bintiye amezikata, na amezipaka rangi."

Wilda alitabasamu kwa sababu ilikuwa zamu yake kutabasamu. Akageuza ukurasa, na mwezi wa nne wa mwaka ule akaliona jina. Mstari mmoja: Dada Orlena Sizemore, ameondoshwa kwa barua.

"Ndiyo hii," akasema. "Kosa hawakuliandika."

Harlis alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Wilda, mama yako ndiye aliyekwambia kwamba hapa alifukuzwa?"

"Si imeandikwa? Ameondoshwa."

"Anayefukuzwa tunaandika ametengwa. Na kosa lake tunaliandika, si umemwona Elzie? Kuondoshwa kwa barua ni kuhama. Mtu husimama mwenyewe mbele ya mkutano, anaomba barua yake, watu wananyoosha mikono, karani anamwandikia kwamba huyu ni dada yetu mwema, hana doa, apokewe na kanisa lolote la imani yetu. Bibi yako hakufukuzwa na mtu. Aliaga."

Mbwa alikuwa amelala juu ya kiatu cha Wilda.

"Mwezi wa nne," Wilda akasema.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Mama husema aliondoka maharage yamekwisha kukaushwa. Mwezi wa tisa."

"Basi alikaa na barua yake kiangazi kizima," Harlis akasema, kisha akaonekana kujutia kusema. "Pengine alikuwa na sababu zake. Kule Ohio kulikuwa na mishahara. Usimweleze kwa pupa."

Wilda alikirudisha kitabu ndani ya friza, akashukuru, akaendesha gari polepole. Alijipima kama mtu anayejiminya paja aone kama linauma. Halikuuma. Lakini akili yake ilifanya kazi vizuri, na akili ilimwambia wazi: mtu aliyefukuzwa halaumiwi kwa kumwacha mtoto. Mamake aliishi kwa hilo. Alikuwa na mama mwenye dhambi, akadhihakiwa kwa ajili yake, akamtetea moyoni, akamngojea benchi la pili aje kutubu. Leo aambiwe kwamba mama hakuwa na dhambi yoyote, kwamba aliomba ruhusa mapema, akapanda maharage akijua hatayala, na kwamba mwenye barua hana haja ya kurudi kwenye mlango wowote? Huyo ni kikongwe mwenye moyo uliochoka. Wilda, ambaye hata kwenye kodi ya serikali hajapata kudanganya, akaamua kudanganya.

Alimkuta Delphia amekaa kitandani, nywele zake nyeupe zimefumuka mabegani. Hajapata kuzikata maishani; wanawake wa kanisa letu, wale wa zamani, hawazikati.

"Haya," Delphia akasema. "Alifanya nini?"

"Ngoja nikuletee kahawa kwanza."

"Kahawa itanipa jibu? Sema."

"Alikata nywele, Mama. Walimtenga kwa kukata nywele."

Delphia alimtazama muda mrefu, si kwa hasira. Alimtazama kama anavyotazama kitambaa dukani kabla ya kukirudisha.

"Asubuhi ile ya basi," akasema, "aliketi kwenye kigoda jikoni akaniambia, Delphie, nisuke. Nilimsuka mimi kwa mikono hii. Zilimfika hapa." Akajigusa kiunoni. "Sasa niambie tena."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Wilda haikumaliza hata hatua ya kwanza. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Alichukua barua yake," Delphia akasema. "Sivyo?"

"Ndivyo, Mama."

"Mwezi gani?"

"Wa nne."

"Wa nne." Delphia akanyoosha shuka pale ambapo palikuwa pamenyooka tayari. "Hana doa?"

"Hana doa."

"Unadhani mimi mjinga? Nilipobatizwa nikawa nakaa ndani ya mkutano, si dirishani. Kila mwezi watu wanahamia Ohio, kila mwezi wanaondoshwa kwa barua, na mimi nanyoosha mkono na wenzangu. Nikasema, kwa wengine ni kuhama. Kwa mama neno lile litakuwa na maana nyingine. Mwaka ule karani alikuwa mzee, pengine alikosea." Akazirudisha nywele zake nyuma ya bega. "Nilitaka mtu mwingine asome. Basi."

"Mama, pole."

"Ya nini? Wewe ndiye uliyeniacha?" Kisha, kwa sauti yake ya kuagiza vitu vya dukani, "Jumamosi kuna mkutano. Mwambie Harlis nataka barua yangu."

"Barua yako? Unahama? Mama, huwezi kufika hata barabarani."

"Mimi ni mshiriki mwema miaka yote hii. Nimekaa pale namngojea mtu ambaye mlango ule haumhusu. Sikai tena. Nataka barua yangu, na iandikwe vizuri, si ule mwandiko wa kuku wa Harlis. Mkewe ndiye aandike."

Jumamosi Wilda alisimama nje ya kanisa, kwa kuwa asiyebatizwa haingii mkutanoni, akiegemea ukuta chini ya dirisha. Alisikia mwimbishaji akitoa mstari, na wengine wakiurefusha nyuma yake kwa sauti ile ya kwetu isiyo na kinanda. Alimsikia mchungaji akiuliza kama kuna amani kati ya washiriki. Kisha Harlis akasoma: Dada Delphia Ratliff anaomba kuondoshwa kwa barua. Wilda aligeuka akachungulia. Mikono yote ilikuwa juu, na kina mama wawili wa benchi la pili walikuwa wanalia.

Harlis alimletea bahasha nje.

"Hatujamuuliza swali," akasema, "ila kwa taratibu napaswa kuandika kitabuni. Anahamia wapi?"

"Hakusema," Wilda akajibu.

Aliposikia maneno yale kinywani mwake, yalimshtua. Harlis naye aliyasikia. Aliinamisha kichwa, akampiga begani kidogo, akarudi ndani.

Delphia aliisoma barua mara moja, akaifunga, akaiweka mfukoni mwa vazi lake la kulalia, akafunga kifungo. Alikula maharage vizuri kuliko siku zote, akaomba kitunguu kibichi, akaomba kipande kingine cha mkate akakipondea kwenye maziwa. Alimtania Wilda kwamba mkate wake ungeweza kuziba shimo la mgodi. Wilda alikuwa anaosha sahani, mgongo wake ukielekea chumbani, alipomsikia akiita.

"Wilda! Lete kigoda, mwanangu. Kesho asubuhi unisuke."

Sahani ilimponyoka Wilda, ikazama ndani ya povu bila kuvunjika. Mguu uliokufa ganzi ukianza kuamka, huanza kwa kuchoma, kisha hukosi kupiga kelele. Alishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Alimlilia Denzil ambaye hakuwa amemlilia, akamlilia mtoto wa miaka tisa mwenye kitana jikoni, na zaidi ya wote aliogopa, akaogopa kama mtoto, kwa sababu alitambua kwamba mwenye kuachwa safari hii ni yeye.

Kitana kilikuwa rafuni, mbele ya macho yake. Alikichukua, akakitumbukiza ndani ya debe la unga wa mahindi, akafunika.

"Kitana kimevunjika, Mama," akaita. "Tutasuka siku nyingine."

Chumbani kitanda kililia.

"Mwongo wewe," Delphia akasema. "Haya. Siku nyingine."