Tulichosikia Teotihuacan

Mama alipopata pasipoti ya Marekani, baada ya miaka ya kufunga maboksi kwenye ghala moja Louisville, alisema anataka kusafiri popote, mradi arudi bila kuhojiwa. Mdogo wake, mama mdogo wangu wa Buffalo, alikuwa na yake tayari. Mimi nilikuwa nasoma akiolojia chuo kikuu Columbus, nikawachagulia Teotihuacan, magofu ya mji wa kale nje kidogo ya jiji la Mexico.

Asubuhi ile walicheka kama wasichana. Mama mdogo, kitenge kiunoni na raba nyeupe miguuni, alitaka picha mbele ya kila ukuta. Mama alilalamikia jua hadi nikamnunulia kofia.

Kwenye hekalu la nyoka mwenye manyoya, kiongozi wa watalii alieleza kwa Kiingereza kwamba wachimbaji walikuta mifupa ya watu chini yake. Nikatafsiri.

"Waliuawa wakati hekalu linajengwa," nikasema. "Wengi walifungwa mikono nyuma."

Nilisema upesi, kama ninayesoma darasani.

"Kama kaka yetu," Mama akasema, macho chini.

Mama mdogo akageuka. "Kaka yetu alikufa na malaria."

Mama akavua kofia.

"Dada?"

"Malaria hapana. Donc... nilimufungua kamba mimi mwenyewe. Na hii mikono."

Nimepewa jina la mjomba yule, na maisha yangu yote nilijua ni malaria. Mama mdogo aliketi palepale kwenye kokoto. Kiongozi akakimbia kuleta maji.

"Ni jua," nikamwambia aliporudi.

"Ulimuzika na nini?" mama mdogo akauliza.

"Na blanketi yako ya bluu. Nilikuambia wezi waliichukua."

Mama mdogo alikuwa na miaka tisa wakati ule. Aliililia blanketi ile njia nzima ya kukimbia vita, na Mama, akiwa amembeba mgongoni, alimnyamazisha kwa uongo uleule.

Kwenye ndege walikaa mbalimbali. Miezi miwili mama mdogo hakupokea simu za Mama. Zangu alipokea, akaniuliza kama nimekula, akakata. Kisha Jumatano moja akapiga mwenyewe.

"Bon. Leta mama yako. Kaka hajaliliwa."

Mama alikuja Columbus kwa basi, nami nikampeleka kwa gari hadi Buffalo, mtaa wa East Side. Sebuleni makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani, na wanawake wa kanisa walikuwa wameketi kwenye mikeka. Mama mdogo alimvua Mama koti bila salamu, akamkalisha kando yake, akamshika mkono.

"Anza mwanzo," akamwambia. "Usiruke kitu."

Mama akaanza saa nne asubuhi. Chakula cha mchana kilipopakuliwa, bado simulizi yake haikuwa imetoka kijijini kwao.