Maji yalifurika nyumbani Chaani, nikaapa mke wangu hatajua. Nusura yamdhuru

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na sitapunguza kitu ili nionekane mwema.

Naishi Chaani, ghorofa ya kwanza, na mke wangu Mama Neema. Yeye ni fundi wa nguo. Cherehani yake ya umeme iko sebuleni karibu na dirisha, na kazi za wateja huziweka kwenye mifuko chini ya meza. Mimi napiga shifti kwenye yadi ya makontena.

Wikendi ile alikwenda Kaloleni kumjulia hali mamake, akamchukua na mtoto. Mlangoni akaniambia, "Baba Neema, nguo za harusi ya Miritini ziko hapo chini. Tafadhali usiziguse."

Nikamwambia aende kwa amani.

Hiyo harusi ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa. Alikuwa akishona huku anaimba.

Sasa, wanaoishi huku wanajua habari za maji. Yanakuja yakitaka. Jumamosi nilifungua mfereji wa jikoni nioshe vyombo, ukakohoa hewa tu. Nikaviacha vyombo kwenye sinki, nikaenda zangu Magongo kutazama mpira.

Mfereji sikuufunga.

Mpira haujaisha, simu ikalia. Alikuwa Mama Fatuma, jirani wa chini, mama mtu mzima ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti.

"Baba Neema, kwako kuna nini? Maji yashuka ukutani mwangu."

Sikumbuki nilirudi vipi.

Nilipofungua mlango maji yalinipokea. Zulia lilikuwa linaelea pembeni. Sinki lilizibwa na mabaki ya chakula, mfereji unamwaga kwa nguvu zote kama umetumwa. Nikaufunga, nikaruka moja kwa moja kwenye ile mifuko.

Vitenge vyekundu vya wasimamizi vilikuwa vimelowa chapachapa na vimechuja rangi. Na gauni jeupe la bibi harusi lilikuwa mfuko huohuo.

Wakuu, nilikaa chini ndani ya maji.

Halafu nikasimama. Nikasema moyoni, Mama Neema anarudi kesho, na hatajua. Nitakesha, nitafua, nitapiga pasi, lakini hatajua. Sikuwa namwogopa. Nilikuwa naona uso wake tu atakapoliona lile gauni.

Nikakausha sakafu kwa matambara mpaka mikono ikachubuka. Nikateremka kwa Mama Fatuma, nikamwomba radhi, nikamfutia ukuta wake. Nikamuuliza rangi inatolewaje kwenye nguo nyeupe.

"Maji baridi, mwanangu, kabla haijakauka. Kisha ndimu na chumvi, uanike juani," akasema. Akaniangalia. "Na mkeo umemwambia?"

"Nitamwambia, mama."

Nilimdanganya na yeye.

Kesho yake kanisani sikwenda. Nilishinda juu ya paa na zile nguo, nazigeuza upande huu na huu kama mtu anayekaanga samaki. Rangi ilitoka karibu yote. Likabaki doa la waridi kwenye pindo la gauni, kubwa kama kiganja. Nikalikunja kwa ndani, nikaliweka chini kabisa ya mfuko.

Jioni mke wangu akafika. Akatazama huku na huku. "Umepiga deki?"

"Nilikuwa na nafasi."

Akacheka, akanishukuru. Ile shukrani ilinichoma, lakini nilikuwa nimeshaamua.

Asubuhi nilikuwa nakunywa chai kabla ya shifti. Yeye akavua kandambili kama kawaida yake, akaketi kwenye cherehani, akanyoosha mkono kuiwasha swichi ukutani.

Hapo ndipo nikaiona ile pedali ya kukanyagia. Iko sakafuni, na waya wake. Ilikuwa imezama majini Jumamosi ile. Mimi niliipangusa juu tu kwa kitambaa nikaisahau, akili yangu yote ikiwa kwenye gauni.

Na mguu wake mtupu ulikuwa tayari juu yake.

"Mama Neema, usiwashe."

Akageuka. "Kwa nini?"

Ningeweza kutunga uongo mwingine, wakuu. Ulikuwa umenijia mdomoni tayari. Lakini nikaenda nikachomoa plagi, nikamweleza yote, mfereji, mpira, vitenge, mpaka doa. Gauni nikalitoa mwenyewe.

Hata hakuliangalia. Alikuwa anaitazama pedali.

"Je, kama ungekuwa umeshatoka kwenda kazini?" akaniuliza taratibu.

Nikaizungushia pedali waya wake, nikaiweka mlangoni.

Hakuzungumza nami siku ile wala iliyofuata. Pedali niliipeleka kwa fundi wa umeme Magongo. Alipoifungua, maji yakadondoka juu ya meza yake. Akatikisa kichwa, akaitupa, akaniuzia nyingine.

Miritini nilikwenda mwenyewe pamoja na mke wangu. Nilimwambia mama wa bibi harusi kuwa aliyeharibu ni mimi, fundi hana kosa. Alikasirika na alikuwa na haki. Mwishowe bibi harusi akasema gauni likatwe pindo liwe fupi kidogo, kwani hata hivyo lilikuwa linamkwaza akitembea. Mke wangu akalikata palepale, pini mdomoni, mimi nimeshika mkasi mwingine kama mwanafunzi.

Tukiwa njiani kurudi ndipo akasema nami. "Nguo tungelipa. Ukinificha tena kitu cha umeme, hatutaelewana."

Nikamwambia, "Si cha umeme wala cha maji."

Funzo langu ni hili. Unapomficha mwenzako uchafu ulioufanya nyumbani, unaamua peke yako ni kipi cha hatari na kipi si cha hatari, na huna macho ya kuona vyote. Aliyezoea kile kitu ni yeye. Mpigie simu maji yakiwa bado sakafuni, akugombeze, muokoe kinachookoka.

Kama kuna anayesoma hapa huku ameshika tambara, anafuta kitu kabla mwenzake hajafika, aandike ni nini. Pengine kuna anayejua hatari ambayo wewe huioni. Na mkitaka kunilaumu, nalaumika, niko hapa nasoma.