Mahubiri Yaliyolala Katika Mashine ya Mama

Kompyuta ya mama ilikuwa ikikwaruza. Sauti yake kavu, kama ya mchele unaopepetwa bila kukoma, ilitoka chini ya meza na kujaza chumba cha mbele cha nyumba yetu katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi huko Panda, pamoja na harufu ya wino na ya vumbi jekundu lililoanza kulowana kwa mvua za kwanza za Oktoba. Chumba hicho ndicho kilichokuwa ofisi yake. Waliotaka kazi zao zichapwe walikuja hapo: wanafunzi waliokuwa wakimaliza masomo, watu wenye kesi za viwanja, wachungaji wa makanisa ya uamsho. Nilikuwa msichana mdogo bado, na nilipenda kukaa sakafuni karibu na mashine ile kwa sababu ilitoa joto.

Wateja wa mama walikuwa na hofu moja, nayo ni kunakiliwa. Mwanafunzi aliogopa utafiti wake usije ukauzwa kwa wa mwaka unaofuata. Mchungaji aliogopa kusikia mahubiri yake Jumapili kutoka kanisa la jirani. Basi mama aliwaahidi kwamba hakuna neno lao litakalolala ndani ya mashine. Asubuhi mteja alileta disketi, kazi yake ikafunguliwa, disketi ikarudi mfukoni. Jioni aliileta tena, kazi ikahifadhiwa humo, akaenda nayo. Mchana kutwa kazi zote zilibaki wazi, moja nyuma ya nyingine, na kila aliyepita aliomba kuonyeshwa yake ili moyo utulie. Mama alijivunia uaminifu huo. Hatukutilia maanani kwamba maandishi yaonekanayo kwenye kioo hukaa katika kumbukumbu inayoishi kwa umeme tu, na umeme ukikatika nayo hutoweka.

Tulizinduka siku ambayo dada yangu Odette alipaswa kupeleka kazi yake ya mwisho wa masomo chuoni Mulungwishi kabla ya jioni. Alikuwa amechapa sura nzima tangu alfajiri, na mwaka wake wote ulisimama juu ya sura hiyo. Aliingiza disketi, akaamuru kuhifadhi, na mashine ikawa kama imeganda huku ikikwaruza kuliko siku zote. Ngurumo zilisikika upande wa Shinkolobwe. Sote tulijua kwamba ngurumo zikifika Panda, umeme huondoka. Odette, huku machozi yakimlengalenga, alitaka kuizima mashine na kuiwasha upya. Mama akamshika mkono. Kwa miezi kadhaa alikuwa ameona kwamba mkwaruzo huo huanza kila mteja anapoomba kuonyeshwa kazi yake, kisha hutulia.

"Iko natembeza bintu," akasema polepole. "Meza inajaa. Ikitaka ya huyu, inapeleka ya ule ku depo, kisha inarudia kuitafuta."

Kazi za wengine zilikuwa za kurasa chache ambazo mama angeweza kuzichapa upya; kubwa kuliko zote ilikuwa ya Pasta, mzee mwembamba aliyekuwa ameketi kwenye benchi letu akisubiri mvua ipite. Ilikuwa na mahubiri ya mwaka mzima na picha za mikutano yake, na disketi yake aliiacha nyumbani. Kuifunga bila kuihifadhi kungempotezea yote yaliyochapwa tangu asubuhi. Kuihifadhi ndani ya mashine kungevunja ahadi.

"Pasta," mama akasema, "ya kwako njo inajaza meza. Uniache niiweke humu ndani, ao ya mutoto wangu itapotea."

Pasta alitazama kioo, kisha akamtazama Odette. "Na bale ba kanisa ya ngambo bakikuja kuchapisha hapa?"

"Miye mwenyewe niko nayachapa, Pasta, na siyaelewi bado. Nani atayaiba?"

Alicheka bila kutaka. "Weka. Lakini kesho nitakuja kuona ukiyatosha humu ndani."

Mama aliyahifadhi, akayafunga. Mkwaruzo ukapungua, kama mtu anayetua mzigo, na taa ndogo ya disketi ya Odette ikawaka. Tuliitazama hadi ilipozimika, sura yote imeingia. Odette alikuwa amefika barabarani, disketi imefungwa ndani ya kitenge, umeme ulipokatika. Mwaka ule alimaliza masomo.

Kesho yake Pasta alikuja, akasimama nyuma ya kiti cha mama hadi mahubiri yake yalipofutwa. Miaka mingi baadaye, nikisomea kompyuta chuo kikuu, nilielewa kwamba mama alikuwa ameisoma mashine vizuri: kumbukumbu ikijaa, mfumo endeshi huhamishia kwenye diski kurasa zisizotumika, na zikizidi, nguvu zake zote huishia katika kuhamisha. Lakini nilielewa pia kwamba maneno ya wateja wote yalikuwa yakilala humo tangu siku ya kwanza, yakipelekwa na mfumo wenyewe bila kumuuliza mtu, na kwamba kufuta huondoa jina tu, maneno yakabaki hadi mengine yaandikwe juu yake. Mama sikumwambia. Sikuona ningemwongezea nini.

Leo simu yangu hubeba maneno ya watu wengi kuliko mashine ile ilivyowahi kubeba, huyahamisha na kuyatunza mahali nisipopajua, nami nilikubali kwa kugusa kioo mara moja bila kusoma. Mama aliahidi jambo lililomzidi uwezo. Hata hivyo aliahidi uso kwa uso, na Pasta alijua mlango wa kugonga.